Kiti cha Marehemu Mahembe

Shida yangu ilianza mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo stesheni ya Kigoma, gunia likamdondokea mguuni, mguu ukakatwa, kazi ikaisha siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa darasa la pili. Sikulimaliza. Kwa hiyo anayetaka kunisoma ili atafute makosa ya herufi, asome, atayapata mengi. Lakini asiniambie sijui kazi. Miaka thelathini na moja nimetafsiri picha kwa mdomo wangu kwenye kibanda umiza, ukumbi wetu wa kuonyeshea picha pale Bangwe, na wasomi wenye vyeti walilipa kunisikiliza.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotafsiri sizoni, hizi tamthilia za mfululizo, siku hizi mkiwa mmejifungia chumbani na kompyuta. Ninyi mkikosea mnafuta. Sisi tulikosea mbele za watu mia moja, na wale watu walikuwa wanakula miwa, na bua la muwa ukirushiwa linauma.

Mtaniuliza Kiingereza nilikipata wapi. Nilikipata jikoni. Baba alipokatwa mguu nilipelekwa kuosha vyombo kwa mzungu mmoja aliyekuwa akipima samaki wa ziwa letu, anawatia kwenye chupa kama achari. Alikuwa na mbwa. Kiingereza changu cha kwanza ni cha mbwa: kaa, njoo, lala, toka. Cha pili ni cha redio, maana yule bwana alikula akisikiliza redio. Nilikaa naye miaka saba. Alipoondoka kurudi kwao nilikuwa naelewa kila alichosema, isipokuwa alipoongea juu ya samaki.

Kazi yenyewe nilifundishwa na marehemu Mzee Sudi, mtu wa Ujiji, aliyekuwa na deki ya mkanda enzi ambazo deki ikiingia mtaani watu wanaisindikiza. Yeye Kiingereza hakukijua hata neno moja, na Kichina ndiyo kabisa. Alitafsiri kwa macho. Aliniambia, "Rajabu, mtu akikunja ngumi huna haja ya kujua kasema nini." Nikamwambia, "Mzee, na akiwa ameketi tu anaongea?" Akanijibu, "Hapo sema habari za shamba la baba yake, watu watulie mpaka ngumi zirudi."

Nilimcheka. Nilijiona mimi ndiye mwenye elimu. Mtaona huko mbele nani alistahili kuchekwa.

Sasa sikilizeni ufundi. Spika usiiweke mbele, iweke nyuma ya watu, sauti iwapitie masikioni wakidhani inatoka kwenye picha. Tafuna tangawizi, usinywe maji baridi. Mtu mmoja sauti moja: ukimpa adui sauti nzito leo, kesho usimpe nyembamba, watakuzomea. Wakikaribia kubusiana na kuna watu wazima ukumbini, kohoa kwenye maiki, kohoa mpaka wamalize. Na jambo kubwa kuliko yote, dakika tano za kwanza wape watu majina. Majina ya kizungu hayakai. Mimi steringi wote, wale mashujaa wa picha, niliwapa majina ya vijiji vyetu, ili kila mtu awe na ndugu ndani ya picha. Maadui niliwapa majina ya vitu. Zamani nilimpa adui jina la kijiji, wakaja wazee watatu wa kijiji hicho na fimbo. Tangu hapo adui anaitwa Kauzu, anaitwa Pumba, basi.

Halafu mwezi. Ninyi hamjui mwezi, mnajua umeme. Wavuvi wetu wa dagaa wanavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawazijali taa. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika siku sita saba, na Bangwe nzima haina pa kwenda ila kwangu. Picha mpya huitoi wakati wa giza. Unaitunza, unaingoja mbalamwezi. Saa nane mchana unafungua mlango, saa nane na robo hakuna pa kuweka mguu. Nimekula kwa mwezi kama vile wenzangu walivyokula kwa ziwa.

Ule mwezi ndio ulioniponza.

Tulikuwa na sizoni moja ya askari, tuliita Askari wa Gati. Ilikuwa ndefu, miaka tisa tunaitazama. Wapelelezi wawili wanafanya kazi bandarini, wanakamata wauza unga na wauaji. Mkubwa nilimwita Kalinzi, mkali, hacheki. Mdogo wake kazini nilimwita Mahembe. Mahembe alikuwa mnene, mchekeshaji, anakula kila wakati, na kiti chake cha ofisini kilikuwa kimechanika ngozi upande mmoja, sifongo inaning'inia. Hiki kiti kila mtu Bangwe alikijua. Mahembe akikikalia kililia kwiiii, na ukumbi mzima ulikisaidia kulia.

Sizoni ya nane ikaisha Mahembe amepigwa risasi. Amekufa. Hakuna kufumbafumba, tulimwona na shuka usoni.

Nilikuwa nimeitazama peke yangu asubuhi, kwa hiyo nilijiandaa. Watu hawakujiandaa. Kasimu, mvuvi, jitu la miraba minne lililokuwa likiketi benchi la mbele siku zote, alisimama akashika kichwa. "Kinywa!" Mimi ndiye niliyeitwa Kinywa. "Kinywa, mwambie aamke!"

"Amekufa, Kasimu."

"Nani kakuambia? Umempima?"

Bi Zuhura, mwanikaji dagaa, mama wa makamo mwenye ulimi unaokata kama bati, alifunga khanga kiunoni akasema, "Yemwe! Mtoto wa watu amekufa hajamaliza hata chapati yake." Na kweli, kwenye picha chapati, sijui mkate, ulikuwa mezani umeumwa mara moja.

Ilianza kama mzaha. Kesho yake nakuta mkeka umetandikwa mbele ya kibanda, wanawake wameketi, uji unachemka. Msiba wa Mahembe. Watani wakaja, mmoja akavaa mto tumboni akawa ndiye marehemu anadai chakula. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Lakini siku ya tatu wakati wa kuanua tanga niliona watu wanafuta machozi ya kweli, kila mmoja na la kwake. Kisha Bi Zuhura akatangaza, "Arobaini tutakutana hapahapa." Watu wakaitika. Na mimi niliitika, mjinga mimi, bila kuhesabu.

Hesabu ni hii. Mwezi mpevu mpaka mwezi mpevu ni siku ishirini na tisa, pengine thelathini. Mahembe alikufa kwenye mbalamwezi. Mbalamwezi ya pili ilipofika, siku ilikuwa ya ishirini na tisa. Arobaini yake ingeangukia gizani, wavuvi wote wako majini, mchana wamelala. Sizoni ya tisa ilikuwa imeshanifikia kwenye flashi. Nikajisemea: huyu ni mtu wa kwenye kioo, atakuwa na arobaini gani? Nikabandika karatasi mlangoni, hata kuitazama kwanza peke yangu sikuitazama. Leo, saa nane.

Walijaa mpaka madirishani.

Picha inaanza. Ofisi ileile. Kalinzi amesimama, hajanyoa. Mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke. Mrefu, nywele fupi, koti jeusi, boksi la vitu vyake mkononi. Anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mahembe. Anaweka boksi. Anashika kiti. Kile kiti. Anakivuta, kwiiii.

Vijana, nimesikia radi ikipiga mnazi, nimesikia meli ikipiga honi karibu na sikio. Sijasikia kitu kama kile. Watu mia moja walishtuka kwa pumzi moja. Halafu zikaja sauti.

"Hata arobaini bado!"

"Ameletwa na nani huyo?"

"Kalinzi, mtoe! Kalinzi umekufa na wewe?"

Kasimu amepanda juu ya benchi. Bi Zuhura ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, tena maneno yanamtoka kwa mpangilio kama mtu anayesoma: "Mvamizi! Mla vya marehemu! Umekuja na boksi, umekuja kuhesabu sufuria! Kitanda hakijapoa umeshatandika shuka lako!"

Kwenye picha yule mwanamke anafungua kinywa anaongea. Na mimi hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho Mzee Sudi mwenyewe asingefanya. Sikumsikiliza. Kelele zilikuwa nyingi, kweli, lakini ningeweza kusimamisha, ningeweza kurudisha. Nilitazama watu wangu wanataka nini, nikawapa. Nikasogeza maiki, nikatoa sauti nyembamba yenye sumu, nikasema, "Kuanzia leo kiti hiki ni changu. Marehemu hana kiti."

Bua la muwa lilipiga kioo.

Ilikuwa siku kubwa kuliko zote katika kazi yangu. Walitoka nje wanatetemeka. Walinigonga mgongoni. "Kinywa, leo umetuua!" Soko zima la Buzebazeba kesho yake linamzungumza Mvamizi. Hilo ndilo likawa jina lake, Bi Zuhura alilitoa, Kasimu akalipigia kelele, nami nikalipitisha. Watu wa Katubuka wakaanza kuja kwa miguu kumtukana.

Nikaendelea. Siku sita za mbalamwezi, sehemu mbili kila siku. Kila alichosema yule mwanamke nilikigeuza. Akimsalimia mlinzi, nasema anamtukana mama yake. Akipiga simu kwa mtoto wake, nasema anampigia Kauzu kumpa siri. Msifikiri ilikuwa rahisi. Uongo katika kutafsiri ni kazi nzito kuliko ukweli, maana picha inakwenda upande wake na wewe unaivuta kwa kamba. Sehemu ya saba anamwokoa mtu kwenye maji, nikalazimika kusema anamwokoa kwa sababu anamdai. Jasho lilinitoka. Lakini watu walifurahi, na mimi nilikwisha kuwa mlevi wa kufurahisha.

Siku ya sita, sehemu ya kumi na mbili. Bi Zuhura alikuja na mpangaji wake, nesi Eliwaza, binti wa Kipare aliyehamishiwa huku, mpole, amevaa sweta juani. Aliniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, "Marahaba, karibu umwone shetani." Akaketi nyuma karibu na spika.

Sehemu ile, Kalinzi amepigwa risasi ndani ya ghala. Amelala chini, damu. Mvamizi anakuja mbio, anapiga magoti, anavua koti, anamkandamiza ubavuni.

Kasimu akageuka. "Kinywa, mbona anamfunga jeraha?"

"Hamfungi," nikasema. "Anamziba pumzi."

"Pumzi iko ubavuni?"

Watu wakacheka. Nami nikachukua maiki haraka, nikatoa ile sauti ya sumu: "Kufa, Kalinzi. Kiti chako nacho nikichukue."

Na yule mwanamke kwenye kioo analia. Machozi yanadondoka kwenye uso wa Kalinzi. Sikuwa na la kuyafanya yale machozi.

Nyuma ya ukumbi nesi akasimama. Akasema taratibu, kama anavyomwambia mgonjwa ageuke, "Samahani mzee wangu. Huyo mama hajasema hivyo."

Akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Kwanza amemfunga sawasawa, ndivyo inavyofungwa. Na amesema, usife, kazi hii siijui bila wewe."

Sijui kama mmewahi kuvuliwa nguo sokoni. Nikafanya lile wanalolifanya wenye kiburi, nikapandisha sauti. "Wewe binti umekuja juzi na basi! Mimi natafsiri kabla hujazaliwa! Sweta jua kali hivi, ndiye wa kunifundisha?"

Hakuna aliyecheka. Nesi akamtazama Bi Zuhura akasema, "Bibi, mimi sina ugomvi. Lakini mnasema siku ya kwanza alinyang'anya kiti cha marehemu. Tuione."

"Rudisha," akasema Bi Zuhura.

"Bi Zuhura, sehemu ya kwanza ni mbali..."

"Ni flashi, Kinywa, si safari ya Kasulu. Rudisha."

Nikarudisha. Mlango unafunguliwa, anaingia, anaweka boksi, anashika kiti, kwiiii. Safari hii hakuna aliyepumua. Yule mwanamke akafungua kinywa, na nesi akatafsiri bila maiki, kila mtu akasikia:

"Hiki ni cha mwenzenu. Mimi sikai. Nileteeni kingine."

Picha ikaendelea. Anakisukuma kiti taratibu mpaka dirishani, anakiegemeza ukutani. Halafu tunaonyeshwa barabara, magari, kisha tunarudi ofisini, ameketi. Nikasimamisha. Tukatazama wote. Ameketi kwenye kigoda cha mbao. Na nyuma yake, dirishani, kiti cha Mahembe, kitupu, sifongo inaning'inia.

Kasimu alikuja mbele mpaka pua ikagusa kioo. "Pigeni sehemu ya pili," akasema. Tukaipiga. Kiti kipo dirishani. Ya tano. Kipo, mtu ameweka ua juu yake. Ya tisa. Kipo. Sehemu zote kumi na mbili kile kiti kilikuwa mbele yetu, katikati ya mwanga, na hakuna hata mmoja kati ya watu mia moja aliyekiona. Mimi nilikuwa nimeshawaambia amekikalia. Wakaniamini mimi, wakayaacha macho yao.

Jamani, niliogopa. Niliogopa kinywa changu mwenyewe.

Nikajitetea. "Sikusikia," nikasema. "Siku ile mlipiga kelele, mimi sikusikia alichosema."

Bi Zuhura akasimama. Nilitegemea matusi, naye alikuwa nayo ya akiba. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Kama hukusikia, kwa nini ulisema?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Kisha akawageukia wenzake. "Mimi mnanijua mwanikaji dagaa. Hamjui nilivyofika hapa. Niliolewa na marehemu mume wangu wakati mke wake wa kwanza amekufa, arobaini yake haijafika. Sikutaka, ni wazee walipanga, kulikuwa na kichanga kinalia. Nilipoingia ile nyumba nilitandika mkeka sebuleni. Miaka mitatu sikulala kwenye kile kitanda. Na wanawake wa mtaa waliniita mvamizi, waliniita mla vya marehemu, walisema nimekuja kuhesabu sufuria. Hakuna aliyeniuliza nalala wapi." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Juzi mlishangaa nilivyoyajua matusi. Nilikuwa nayarudia yangu. Nimempa mwenzangu yote, bila kupunguza, siku sita nzima, kwa sababu huyu mzee kaniambia amekaa."

Akatoka. Watu wakamfuata mmojammoja. Hawakunirushia kitu. Afadhali wangerusha.

Nilifunga kibanda siku tano. Mke wangu akaniuliza naumwa nini, nikasema koo. Siku ya nne nikaenda kwa Bi Zuhura, nikasimama uani kwenye chanja za dagaa kama mposaji. Nesi alikuwa anafua. Nikamwambia nesi, si Bi Zuhura, "Binti, nimekuja kukuomba. Siku ya arobaini naanza upya sehemu ya kwanza. Uketi karibu yangu. Nikikosea, useme palepale, mbele za watu."

Bi Zuhura hakuinua kichwa kwenye dagaa. "Na sisi tuje kufanya nini?"

"Mje mnisikilize nikikosolewa."

"Kwa hilo," akasema, "tutakuja."

Ilikuwa giza la mwezi, wavuvi wengi wamelala, tulikuwa watu kama thelathini. Kasimu hakuja, alininunia miezi miwili. Nesi aliketi kushoto kwangu. Sehemu ya kwanza pekee alinikosoa mara kumi na nne. Nyingine si za uongo, ni Kiingereza changu cha redio, kilikuwa na mashimo sikuyajua. Nilimeza. Kila akinigusa mkono nilisimamisha picha nikasema, "Nimekosea, amesema hivi." Mara ya kwanza neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa mgebuka, samaki wetu. Mara ya kumi lilikuwa linapita. Baada ya wiki watu walianza kulisubiri, na watu wengine walikuja kwa ajili hiyo tu, kumwona Kinywa akikosea.

Tulipofika ghalani tena, Kalinzi yuko chini, yule mwanamke analia, nikatafsiri kama alivyosema. Ukumbi ulilia naye. Kisha Bi Zuhura akasema kutoka nyuma, "Huyu hawezi kuitwa lile jina tena. Mwiteni Mwandiga." Mwandiga ndiko alikozaliwa yeye Bi Zuhura. Nikasema kwenye maiki, "Anaitwa Mwandiga." Na ndivyo alivyoitwa mpaka sizoni ilipokwisha.

Niliendelea na kazi miaka sita baada ya hapo, mpaka simu zilipoingia kila mfuko na watu wakaanza kutazama kila mtu peke yake. Sikufukuzwa. Niliacha mwenyewe.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma Buzebazeba, vyumba vitano, bati halivuji. Michikichi thelathini na miwili. Mbuzi saba na beberu mmoja mkorofi. Baiskeli mbili. Jenereta ya Kichina, inawaka ukiipiga teke. Spika nne, moja imepasuka. Mke mmoja, picha hazipendi. Watoto watano, wote wamenipita darasa. Meno kumi na tisa. Na watu wa Bangwe, ambao mpaka leo wakikutana nami njiani wanaweza kunionyesha simu, wakaniuliza huyu amesema nini. Nikiwa nimesikia nawaambia. Nikiwa sikusikia, nawaambia sikusikia.